UZI: Mwanangu aliambiwa alete atlasi, bibi yake akampa kitambaa. Nani kakosea?

Mwana wa Ujiji (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo limenikaa kooni tangu juzi, naomba nilitoe kwa urefu, mnivumilie.

Binti yangu yuko darasa la tano hapa Kigoma. Jumatatu waliambiwa mwenye atlasi, yaani kitabu cha ramani, nyumbani aje nayo kesho yake. Mimi nilikuwa Kasulu, mama yake yuko zamu ya usiku, basi mtoto akateremka Ujiji kwa bibi yake kuomba. Bibi huyo, yaani mama yangu mzazi, ni fundi cherehani. Ameshonea maharusi tangu mimi sijazaliwa. Aliposikia "atlasi" hakuuliza mara mbili. Alifungua sanduku lake la mninga, akatoa kipande cha rangi ya maziwa kilichobaki kwenye gauni la harusi, akakikunja mara nne, akakifunga kwenye karatasi kisichafuke njiani.

Mtoto akakitoa darasani. Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu akamwambia, "Hii si atlasi. Bibi yako hajui."

Kicheko cha watoto nimekisamehe. Hilo la "bibi yako hajui" ndilo limenileta hapa, kwa sababu bibi anajua. Atlasi ni kitambaa. Ni kile chenye uso unaong'aa na mgongo uliofifia, kinachoteleza mkononi kama kimepakwa sabuni. Waswahili wa pwani wamekiita hivyo zamani sana, na jina likapanda bara pamoja na misafara mpaka Tabora na Ujiji. Kamusi za Kiswahili zinazo atlasi zote mbili, ya ramani na ya kushona. Si neno moja lenye maana mbili. Ni maneno mawili yaliyotoka nchi mbili tofauti, yakakutana kwetu yakiwa yamevaa herufi zile zile.

La mama yangu ni la Kiarabu. Mzizi wake una maana ya kitu laini, kilichofutika alama, kama sarafu iliyoshikwashikwa hadi sura ikaisha, au nguo iliyosuguliwa mpaka vinyweleo vyake vikatoka. Kitambaa chenye uso laini kikaitwa atlas. La mwalimu ni la Kigiriki, nalo limepita Ulaya kabla ya kufika shuleni kwetu.

Naomba mnisaidie yale mnayoyajua kuhusu neno hili. Nataka mtoto arudi darasani na habari kamili.

Reli ya Kati

Pole mkuu, mtoto kaumia bure. Lakini tuseme ukweli, nani leo anasema atlasi akimaanisha kitambaa? Nenda soko la Mwanga, uliza atlasi, watakuelekeza duka la vitabu. Watu wanasema satini. Lugha inakwenda na watu wake. Mwalimu alitumia neno kama linavyotumika sasa.

Mwana wa Ujiji

Mkuu Reli, nakubali satini imeenea, hata mama mwenyewe akiongea na wateja vijana husema satini ili wamwelewe. Ila satini si ngeni kwa atlasi kama unavyodhani.

Kusini mwa China kuna mji wa bandari unaoitwa Quanzhou. Waarabu wa zamani waliuita Zaituni. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyepita Kilwa mwaka 1331, alifika huko baadaye, akaandika kwamba mji ule unafuma vitambaa vya hariri, na akakitaja kimoja kwa jina: atlasi. Akaongeza kwamba vitambaa hivyo viliitwa kwa jina la mji, yaani vya Zaituni. Wazungu wakachukua hilo la Zaituni, likalainika midomoni mwao mpaka likawa satini. Kwa hiyo atlasi na satini ni majina mawili ya mzigo mmoja, mmoja kaupa jina la uso wake, mwingine jina la bandari yake. Na Wajerumani mpaka leo kitambaa hicho wanakiita Atlas. Uzbekistan nako wana hariri yao ya rangi rangi wanayoiita atlas, wanawake wanavaa kwenye sherehe.

Kwa hiyo hili si neno la bibi mmoja wa Ujiji aliyepitwa na wakati. Liko hai toka Asia ya Kati mpaka Ulaya, na mtu aliyelitia kwenye kitabu chake aliwahi kukanyaga pwani yetu.

Reli ya Kati

Hapo kwenye Zaituni umenipata. Sikuwa najua. Endelea.

Chaki na Ubao, Tabora

Ndugu zangu, mimi ni mwalimu mstaafu, nilifundisha jiografia zaidi ya miaka 30 hapa Tabora. Kwanza, ndugu mwanzisha uzi, mpe mama shikamoo yangu. Pili, naomba nimtetee mwenzangu kidogo: mwalimu wa darasa lenye watoto 80 husema maneno mengi kwa siku ambayo angeyarudisha kama angeweza. Tatu, niongee kuhusu atlasi ya kitabu, maana ndiyo iliyonilisha.

Mtu aliyekipa kitabu cha ramani jina hilo ni Gerardus Mercator. Alizaliwa mwaka 1512 huko Rupelmonde, sehemu ambayo leo iko Ubelgiji, na alifariki mwaka 1594 akiwa Duisburg, Ujerumani. Kitabu chake kikubwa cha ramani kilichapishwa na mwanawe Rumold mwaka 1595, mwaka mmoja baada ya mazishi. Neno la kwanza kwenye jina la kitabu hicho lilikuwa Atlas. Hakuwa wa kwanza kukusanya ramani za dunia katika jalada moja. Rafiki yake Abraham Ortelius wa Antwerp alifanya hivyo mwaka 1570, akakiita "jukwaa la dunia" kwa Kilatini. Lakini jina la Mercator ndilo lililoshika.

Sasa sikilizeni hili, maana nimelisahihisha madarasani miaka yote. Watu wanasema Atlas ni jitu la Kigiriki lililobeba dunia. Katika hadithi za Wagiriki hakubeba dunia, alibeba mbingu. Alikuwa Titani, mmoja wa majitu ya kale; majitu hayo yakapigana na Zeus, mkuu wa miungu yao, yakashindwa, naye akaadhibiwa asimame ukingoni mwa magharibi azuie mbingu isianguke. Kinachowachanganya watu ni zile sanamu za mtu aliyebeba tufe. Lile ni tufe la mbingu, lenye nyota zake, watu wakaliona mviringo wakadhani ni dunia. Tena Mercator mwenyewe hakumkusudia yule Titani. Alimtaja mfalme Atlas wa Mauretania, yaani Afrika ya kaskazini upande wa Morocco, aliyesifiwa kwa elimu ya nyota na kwa kutengeneza tufe la kwanza la mbingu. Kwa maneno mengine, kitabu cha ramani kimeitwa kwa jina la mfalme wa hadithi wa Afrika. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi hivyo, wanakaa wima.

Migebuka Freshi

Shikamoo mwalimu. Ndiyo maana ya "Simba wa Atlas"? Morocco wakicheza watangazaji wa redio hawalikosi hilo. Walivyofika nusu fainali Qatar 2022, timu ya kwanza ya Afrika, hapa Kibirizi tulishangilia hadi wavuvi wakachelewa kwenda ziwani. Halafu Januari 2024 wakatupiga Taifa Stars tatu bila kule Ivory Coast. Inauma lakini timu ile ni timu.

Chaki na Ubao, Tabora

Marahaba mwanangu. Ndiyo, ni Milima ya Atlas, inapita Morocco, Algeria na Tunisia, kilele chake Toubkal kina mita 4,167. Wagiriki walipoutazama upande huo wa magharibi wakasema huko ndiko aliko mbeba mbingu. Na bahari iliyoko nyuma yake ikaitwa bahari ya Atlas, ndiyo Atlantiki. Simba wa porini kule walikwisha karne iliyopita, wamebaki kwenye jezi.

Nirudi kwenye ramani, maana kuna sehemu yetu sisi watu wa Tabora na Kigoma, nami sipendi ipotee.

Mwaka 1856 Ulaya ilichapishwa ramani ya Afrika Mashariki iliyochorwa na wamisionari wawili, Erhardt na Rebmann. Katikati ya nchi yetu walichora ziwa moja kubwa la kutisha, limenyooka na kujikunja kama konokono asiye na gamba, wakaliita bahari ya Unyamwezi. Wasomi wa London waliicheka, wengine wakaibishania. Lakini ilitokea wapi? Erhardt alikuwa Tanga akiwauliza wafanyabiashara wa misafara. Aliyekwenda njia ya kaskazini alisema, nimefika kwenye maji makubwa yasiyo na ng'ambo. Aliyekwenda njia ya kati kupitia Tabora akasema hivyo hivyo. Aliyekwenda kusini, hivyo hivyo. Hakuna aliyedanganya hata mmoja. Wa kwanza aliona Viktoria, wa pili Tanganyika, wa tatu Nyasa. Aliyekosea ni msikilizaji, aliyedhani neno moja "ziwa" lazima liwe ziwa moja.

Wasafiri Waingereza, Burton na Speke, walikuja kulitafuta. Walifika Tabora Novemba 1857, wakafika Ujiji Februari 1858. Mwezi Julai mwaka huo Speke alitoka Tabora akapanda kaskazini, na mwanzoni mwa Agosti akaliona Viktoria, na tangu hapo konokono akaanza kukatwa vipande kwenye ramani. Hakuna aliyeongozwa na atlasi yoyote. Waliongozwa na wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi waliozijua njia hizi kwa nyayo.

Mwana wa Ujiji

Mwalimu, nimesoma hiyo ya maziwa matatu mara mbili. Asante sana.

Kilimo Urambo

Nami nina la kuuliza mwalimu. Kwenye ramani ya ukutani shuleni tulikosomea, Greenland ilikuwa kubwa kama Afrika nzima. Ni kweli?

Chaki na Ubao, Tabora

Si kweli, na kosa hilo lina jina la Mercator huyo huyo. Mwaka 1569 alichora ramani kwa ajili ya mabaharia. Alitaka nahodha akipiga mstari ulionyooka kwenye karatasi aufuate kwa dira bila kubadili pembe. Ili hilo liwezekane ilibidi nchi zivutwe zaidi kila unapozidi kuikaribia ncha ya dunia. Baharini ilikuwa msaada mkubwa. Ukutani darasani ni balaa. Afrika ina kilomita za mraba milioni 30 na ushei, Greenland ina milioni 2 na kidogo. Afrika inaimeza mara 14.

Mtu wa Kigoma ana njia rahisi ya kulielewa. Mvua ikishanyesha hewa ikatakata, simama kilimani utazame ng'ambo ya ziwa, utaona milima ya Kongo. Hiyo Kongo peke yake ni kubwa kuliko Greenland. Ningekuwa nafundisha huko, ningewatoa wanafunzi nje kwanza, ndipo tufungue atlasi.

Nesi wa Zamu

Habari za humu. Kuna atlasi nyingine ambayo kila mmoja wenu anayo sasa hivi anaposoma.

Shingo ina pingili saba. Ile ya juu kabisa, inayopokea fuvu, inaitwa atlasi, kwa sababu imebeba kichwa kama yule wa hadithi alivyobeba mbingu. Na haifanani na zenzake. Pingili nyingine zina kiwiliwili kinene mbele, hii haina, ni pete tupu. Nilipokuwa chuoni sikuielewa mpaka nilipokumbuka ngata. Kina mama wanaoshusha mabeseni ya dagaa pale mwaloni, kabla ya kujitwisha wanasokota khanga kuwa pete, wanaiweka utosini, ndipo beseni linakaa. Atlasi ni ngata hiyo, ila imewekwa chini ya kichwa.

Ukiitikia "ndiyo" kwa kichwa, fuvu linacheza juu ya atlasi. Ukikataa kwa kutikisa kichwa huku na huku, atlasi yenyewe inazunguka na fuvu juu ya pingili ya pili, ambayo ina kigingi kinachoingia ndani ya pete. Ndiyo maana mtu aliyeanguka kwenye mnazi, mchikichi au pikipiki akalalamika shingo, tunawasihi sana msimnyanyue kwa kumvuta kichwa. Neva za uti wa mgongo zinapita ndani ya pete hiyo hiyo. Mwacheni alale alivyo, kichwa kisitikisike, subirini wenye ujuzi. Naomba hili mlichukue kwa uzito.

Migebuka Freshi

Dada nesi, mwaka jana tulimnyanyua mwenzetu hivyo hivyo kwa haraka. Alipona, lakini leo nimepata baridi mwilini. Nitawaambia na wenzangu.

Mchimba Visima

Sisi wa visima huku Tabora neno hili tunaliona kila siku kwenye ubavu wa kompresa, Atlas Copco, kampuni ya Sweden. Miaka mingi nilidhani ni jina la mwenye kampuni.

Na babu yangu wa Unguja alikuwa akisema kuna roketi ya Wamarekani ilizungumza na Zanzibar. Ni kweli au hadithi?

Mwana wa Ujiji

Ni kweli kaka. Februari 20, 1962 mwanaanga wa Marekani John Glenn alirushwa na roketi iliyoitwa Atlas, akaizunguka dunia mara tatu. Wamarekani walikuwa na kituo cha kumfuatilia Zanzibar, kule Tunguu, na alipopita juu ya Bahari ya Hindi kiliwasiliana naye. Kituo kilifungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Babu yako alisema kweli.

Kilimo Urambo

Mwalimu ametaja nyota. Huyo Atlas ana nyota yake?

Chaki na Ubao, Tabora

Anayo, na wewe mkulima unaijua kuliko mtu yeyote humu. Ni mojawapo ya Kilimia. Wagiriki walisema vile vinyota ni mabinti saba wa Atlas, na baba na mama yao wako ubavuni mwao. Nyota ya Atlas ni ile ya pembeni upande wa mashariki wa kundi.

Wagiriki waliona mabinti, sisi tuliona jembe, ndipo jina likatoka kwenye kulima. Wazee wanasema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mwezi Desemba, saa mbili tatu usiku, toka nje Urambo utazame juu, utakiona kimetulia. Wengi huhesabu sita, mwenye macho makali saba.

Mwana wa Ujiji

Wakuu, narudi na habari. Leo asubuhi nilikwenda shuleni na mtoto. Mwalimu alinisikiliza bila kunikatiza. Alikuwa hajui kuhusu kitambaa. Akamwita binti yangu, akamwambia mbele yangu, "Bibi yako alikuwa sahihi, nisamehe," akaomba kipande kile akione tena, akakigeuzageuza mbele nyuma. Nimemheshimu sana.

Mama nilimsomea uzi wote jana usiku barazani, amewaitikia nyote shikamoo zenu. Ya ngata ilimfanya aguse shingo yake.

Cherehani ya Isevya

Naomba nami nimsalimie mama, shikamoo. Mimi ni fundi Tabora, nina miaka minne tu kazini, na atlasi inanitesa. Nikishona inaacha vitobo kama imeng'atwa na wadudu, na gauni la juzi upande mmoja ulionekana mweupe, mwingine kama kijivu, mteja akanirudishia. Mwulize mama nafanyaje.

Mwana wa Ujiji

Nimemwuliza, naandika kama alivyosema.

Vitobo vinatokana na sindano. Weka namba 9, mpya kabisa, ile ya vitenge usiiguse. Kitobo kwenye atlasi hakifutiki, kwa hiyo usifumue mara mbili mbili. Pini zichome ndani ya sehemu itakayomezwa na mshono tu.

Rangi mbili zinatokana na kukata. Nyuzi za atlasi zinalala juu ya uso, zinaruka nyingine nne au zaidi kabla ya kuzama, ndiyo maana inang'aa. Ukikata kipande kimoja kichwa juu na kingine kichwa chini, mwanga unazipiga tofauti. Vipande vyote vielekee upande mmoja, hata kama kitambaa kitaongezeka. Mwambie mteja mapema anunue zaidi.

Kabla ya kukata, tandika karatasi chini isiteleze. Pasi iwe ya joto dogo, upande wa mgongo, na kitambaa cha pamba katikati, usinyunyize maji kwa sababu tone likikauka linabaki. Na mikono: anasugua viganja kwa sukari na ndimu, anaosha, anakausha vizuri, ndipo anaishika. Kidole chenye gamba kinanyofoa uzi.

Anasema ukikwama piga simu saa kumi, wakati huo huwa ameshamaliza kupika. Namba nimekutumia pembeni.